Kilichokatwa Katika Safari ya Meg

Filamu ya A Wrinkle in Time ilipoanza kuonyeshwa Marekani tarehe 9 Machi 2018, ilikuwa imebeba karibu kila kitu ambacho studio hutamani. Kitabu chake kilikuwa kimesomwa na watoto kwa zaidi ya miaka 50. Oprah Winfrey, Reese Witherspoon na Mindy Kaling walikuwa miongoni mwa waigizaji. Mwongozaji, Ava DuVernay, alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kukabidhiwa filamu ya waigizaji halisi yenye bajeti ya zaidi ya dola milioni 100, na nyuma yake ilisimama Disney, kampuni inayojua kuliko nyingine zote namna ya kuujaza ukumbi watoto na wazazi wao. Wikiendi ya kwanza iliingiza kama dola milioni 33 Marekani na Kanada, ikawa ya pili nyuma ya Black Panther, iliyokuwa tayari katika wiki yake ya nne. Mwishowe mapato ya dunia nzima yalifika kama dola milioni 133. Ukitoa gharama za matangazo na fungu la wenye kumbi, hiyo ni hasara.

Hasara ya fedha huelezwa haraka. Kigumu kueleza ni jinsi watu walioketi ukumbi mmoja walivyotoka na hukumu zisizopatana hata kidogo. Wasomaji wa zamani walisema kitabu chao kimeharibiwa. Mama Weusi walisema hawajawahi kuona mabinti zao wakikaa wima vile mbele ya skrini. Wakristo wengi walilalamika kwamba imani ya mwandishi imefutwa. Wakosoaji walisifu moyo wa filamu na kuukosoa mwili wake. Wengine, ambao hawakuwahi kukigusa kitabu, walitoka wakiwa wameridhika nusu: picha nzuri, nguo za ajabu, maneno ya kutia moyo, lakini hawakuhisi kwamba kuna mtu aliyekuwa hatarini.

Nadhani hili kundi la mwisho ndilo lililokuwa karibu zaidi na ukweli, ingawa ndilo lililosikika kidogo kuliko yote. Kila filamu ya aina hii inapotoka, mjadala huenda moja kwa moja kwenye swali la uaminifu: je, filamu imekifuata kitabu? Swali hilo linatupoteza. Ukifuatilia jinsi watazamaji walivyozipokea filamu za hadithi za utotoni kwa miaka zaidi ya 80, utaona wanasamehe mabadiliko mengi mno, hata yale makubwa. Kuna kitu kimoja wasichosamehe, nacho ni kuondolewa kwa ile hofu au ule msiba ambao mwandishi alimwamini mtoto kuubeba.

Tuanze na kitabu chenyewe. Madeleine L'Engle alikichapisha mwaka 1962, baada ya wachapishaji zaidi ya 20 kukikataa. Mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Newbery, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto Marekani. Mhusika wake mkuu, Meg Murry, ni msichana wa miwani na nywele zisizotulia, mwenye hasira za haraka, anayepigana shuleni na kufeli masomo ingawa hesabu anazijua kuliko walimu wanavyodhani. Baba yake, mwanafizikia, ametoweka. Mdogo wake, Charles Wallace, ana miaka 5 na akili inayowatisha majirani. Pamoja na Calvin, kijana wa shule yao, wanachukuliwa na wanawake watatu wa ajabu na kupita katikati ya anga hadi Camazotz, sayari ambako nyumba zote zinafanana na watoto wote wanadundisha mipira kwa pigo moja. Anayeitawala ni IT, ubongo mkubwa usio na mwili.

Halafu kinatokea kitu ambacho waandishi wa watoto wa wakati ule hawakuzoea kukifanya. Meg anampata baba yake, na baba yake hamwokoi mtu. Charles Wallace ameshatekwa na IT. Baba anamshika Meg na Calvin, anakimbia nao, anamwacha mtoto wake mdogo nyuma. Meg anafika kwenye sayari nyingine, Ixchel, mwili ukiwa umeganda karibu na kufa, na moyo wake umejaa hasira dhidi ya baba aliyemngojea miaka yote hiyo. Anauguzwa na kiumbe asiye na macho, mwenye manyoya na mikono mingi laini, ambaye Meg anamwita Aunt Beast. Ni baada ya hapo tu, akiwa ameonja unyonge wa baba na huruma ya kiumbe wa kutisha, ndipo anapokubali kurudi Camazotz peke yake.

Sasa tuyachambue malalamiko.

Lililopigiwa kelele zaidi lilihusu sura. Meg wa DuVernay ni Storm Reid, msichana Mweusi mwenye mama Mweusi na baba Mzungu. Charles Wallace ni mtoto wa kulea. Familia imehamishwa kutoka kijiji cha Connecticut hadi Los Angeles. Walikuwapo waliosema huyu si Meg wao. Nawaelewa kwa kiasi kimoja tu: mtu aliyesoma kitabu akiwa na miaka 10 ameshatengeneza filamu yake kichwani, akawachagua waigizaji wake mwenyewe, na mara nyingi mhusika mkuu amempa sura ya rafiki yake au yake mwenyewe. Lakini ukitazama kinachofanywa na mabadiliko haya ndani ya hadithi, yanaiongezea nguvu. Katika kitabu Meg anazichukia nywele zake. Katika filamu Calvin anamwambia ana nywele nzuri, na Meg hajui alipokee vipi neno hilo. Msichana Mweusi wa Marekani, au wa popote ambako nywele za kipilipili zimewahi kuitwa mbaya, analijua tukio hilo kwa undani usiohitaji maelezo. Ndiyo maana kulifanyika kampeni ya kuwanunulia tiketi watoto wa familia zisizo na uwezo, na ndiyo maana kwa watazamaji wengi Weusi filamu hii ilikuwa sikukuu ya familia kabla haijawa kazi ya kukosolewa.

Wasomaji wa Kiswahili tuna mfano wetu wa zamani. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilichapisha Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll, na katika picha zake Elisi ni msichana wa Kiafrika. Shimo la sungura halikuzibika, wala hadithi haikupungua. Mtoto wa Tanga aliyekipata kitabu kile aliingia kwa mlango uleule ambao mtoto wa Oxford aliupitia, tofauti ikiwa tu kwamba aliyetangulia mbele yake alifanana naye.

Upo pia upande wa pili wa jambo hili, ambao wanaodai kitabu kisiguswe huusahau. Roald Dahl alipotoa Charlie and the Chocolate Factory mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda, akina Oompa-Loompa, walikuwa mbilikimo Weusi walioletwa kutoka msitu wa Afrika, wakilipwa kwa kakao. Habari za kutengenezwa kwa filamu zilipotoka, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, NAACP, kilipinga. Filamu ya 1971 ikawapa ngozi ya rangi ya chungwa na nywele za kijani, na mwaka 1973 Dahl mwenyewe akaubadilisha ukurasa katika kitabu. Hapo upinzani ulikuja kabla hata tiketi ya kwanza haijauzwa, ukaisahihisha filamu, kisha ukakisahihisha kitabu. Leo simjui msomaji anayelilia maelezo yale ya kwanza. Ningependa kila anayesema kazi ya mwandishi ni takatifu aisome ile chapa ya 1964 akiwa na mtoto wa Kiafrika mapajani.

Lalamiko la pili, la imani, lina uzito wake. L'Engle alikuwa Mkristo wa Anglikana, na katika kitabu watoto wanapoulizwa ni nani waliopiga vita dhidi ya uovu, jina la kwanza wanalolitaja ni la Yesu, kisha wanafuata wasanii, wanasayansi na akina Gandhi na Buddha. Filamu imeliacha jina hilo. Waliolalamika walikuwa na haki ya kuliona pengo. Lakini historia ya kitabu hiki inashangaza: kwa miaka mingi, na hasa katika miaka ya 1990, kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyopingwa mara nyingi katika maktaba na shule za Marekani, na wapinzani wengi walikuwa Wakristo waliochukizwa na wanawake wanaofanana na wachawi na kumwona Yesu akiwekwa safu moja na wanadamu wengine. Kwa hiyo lililowakera baadhi ya waumini lilipoandikwa, ndilo lililowakera waumini wengine lilipofutwa. Bado naona kulifuta kulikuwa kosa, kwa sababu ya kisanii zaidi ya kidini. Upendo anaourudisha Meg Camazotz, katika kitabu, una mizizi, unajua ulikotoka. Katika filamu umebaki neno zuri linaloweza kuandikwa kwenye fulana.

Malalamiko mengine ni ya matukio: mapacha Sandy na Dennys, wadogo zake Meg, hawamo, Mrs Whatsit, mmoja wa wale wanawake watatu, ambaye katika kitabu hugeuka kiumbe wa mwili wa farasi mwenye mabawa na kifua cha binadamu, hapa amekuwa jani kubwa linaloruka, IT hana tena sura ya ubongo. Haya hayadumu. Msomaji hunung'unika njiani kurudi nyumbani, kisha yanapita.

Lisilopita ni lile la baba. Katika filamu Chris Pine, kama Dakta Murry, anajaribu kukimbia na Meg na Calvin, lakini Meg anagoma kuondoka. Anabaki palepale, anakabiliana na IT papo hapo, anashinda. Ixchel imetolewa, na pamoja nayo yametoka mwili ulioganda, hasira dhidi ya baba, siku za kuuguzwa na uamuzi wa kurudi kwa hiari. Kwa haraka mtu anaweza kusema filamu imemfanya Meg shujaa zaidi, maana hakukubali hata dakika moja kumwacha mdogo wake. Matokeo yake ni kinyume. Meg wa kitabu anarudi Camazotz akijua baba yake ameshindwa, akijua yeye mwenyewe anaweza kufa, akiwa amepewa muda wa kuogopa. Meg wa filamu hakupata muda wa kuogopa. Ushujaa wake ni wa sekunde chache, na mtazamaji asiyejua chochote kuhusu Ixchel anahisi pengo bila kulijua jina. Ndipo anaposema mambo yamekwenda mbio, au hakuguswa mwishoni, au filamu inamhubiria.

Nimesema hili ni jambo pana kuliko filamu moja, basi nilijaribu kwenye nyingine.

Mwaka 2007 studio ya New Line ilitoa The Golden Compass, kutoka kitabu cha kwanza cha Philip Pullman katika mfululizo wake wa His Dark Materials. Ilitumia kama dola milioni 180. Kitabu kinaishia kwa pigo zito: Lyra, msichana aliyevuka barafu kumwokoa rafiki yake Roger, anagundua kwamba amemleta mikononi mwa mtu atakayemuua, na mtu huyo ni baba yake. Sura hizo zilipigwa picha, kisha zikakatwa. Filamu ikamalizika watoto wakiwa angani ndani ya chombo, wakiongea kwa matumaini. Marekani na Kanada ikapata kama dola milioni 70 tu, na sehemu zilizobaki hazikutengenezwa. Kulikuwa na sababu nyingine, ikiwamo kampeni ya kundi la Wakatoliki waliowataka waumini waisusie. Lakini wasomaji wa Pullman, ambao wangeitetea, walikuwa wameshavunjika moyo. Miaka 12 baadaye mfululizo wa televisheni wa BBC na HBO ulikirudisha kifo cha Roger mahali pake.

Mwaka huohuo wa 2007 ilitoka Bridge to Terabithia, filamu ya gharama ndogo kutoka kitabu cha Katherine Paterson cha 1977. Trela zake zilionyesha majitu, viumbe warukao na ufalme wa msituni, kana kwamba ni Narnia nyingine. Wazazi ambao hawakukisoma kitabu walipeleka watoto wakitarajia vita vya kichawi. Badala yake walikutana na kifo cha Leslie, msichana mwenye furaha kuliko wote, anayezama kwenye kijito cha kijijini. Wengi walikasirika, nao walikuwa na sababu: walidanganywa na tangazo. Lakini filamu yenyewe haikudanganya. Mtunzi mmoja wa muswada wake alikuwa David Paterson, mtoto wa mwandishi. Kitabu kiliandikwa baada ya rafiki yake wa utotoni kuuawa na radi mwaka 1974, David akiwa na miaka 8. Mtu aliyebeba msiba huo asingekubali ukatwe. Filamu ikaingiza kama dola milioni 137, na leo waliokuwa watoto wakati ule wanaitaja kama mara ya kwanza kulia ukumbini kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Hasira ya wazazi ilikwisha. Machozi ya watoto yalidumu.

Kwa waandishi mambo huwa tofauti, na hapa ndipo nadharia ya uaminifu inapokwama kabisa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Michael Ende aliichukia filamu ya The NeverEnding Story ya 1984, iliyoongozwa na Wolfgang Petersen huko Ujerumani Magharibi. Alitaka jina lake liondolewe, akaenda mahakamani, akashindwa. Alikuwa na hoja, kwani filamu inakomea karibu nusu ya kitabu na kuiacha nusu ambamo mvulana Bastian analewa uwezo wake na kupoteza nafsi yake. Lakini mwulize mtu yeyote wa miaka 40 na kitu aliyekulia Ulaya au Marekani kuhusu farasi anayezama kwenye kinamasi cha huzuni huku bwana wake, kijana Atreyu, akimvuta na kulia. Hatakuambia habari za nusu iliyokosekana. Petersen alikata kurasa nyingi, ila lile tukio la kinamasi hakulipunguza makali.

P. L. Travers naye alilia kwenye onyesho la kwanza la Mary Poppins mwaka 1964, wala hayakuwa machozi ya furaha. Mlezi wake wa vitabu, vilivyoanza kutoka 1934, ni mkali, mwenye majivuno, asiyeeleza kitu. Walt Disney alimpa tabasamu la Julie Andrews, katuni na nyimbo. Filamu ikatajwa mara 13 katika Tuzo za Oscar na kuchukua 5. Hii inaonekana kuipinga hoja yangu moja kwa moja, kwani hapa hofu ililainishwa na watazamaji wakafurahi. Ila itazame tena ukiwa mtu mzima. Uzito ulioondolewa kwa Mary Poppins umehamishiwa kwa Bwana Banks, baba anayetembea usiku peke yake kuelekea benki alikoitwa ili afukuzwe kazi, huku watoto wake wakiwa wameanza kumwelewa. Disney aliondoa kigumu kimoja akaweka kingine mahali pake. Filamu ya Meg iliondoa unyonge wa baba bila kuweka kitu.

Mfano unaonifundisha zaidi ni Return to Oz ya 1985. Walter Murch aliitengeneza kwa Disney kutoka vitabu vya L. Frank Baum vilivyofuata kile cha kwanza. Kwa mambo mengi ilikaribia roho ya Baum kuliko ile The Wizard of Oz ya 1939: Dorothy ni mtoto kweli, akiigizwa na Fairuza Balk aliyekuwa bado msichana mdogo, tofauti na Judy Garland aliyekuwa na miaka 16 wakati wa kupiga picha, Oz ni nchi ya kweli, wakati ile ya 1939 iliigeuza kuwa ndoto. Watazamaji waliikataa. Walikuwa wakitetea kitu walichokiita asili, na asili hiyo haikuwa kitabu. Ilikuwa filamu nyingine, iliyobadilisha viatu vya fedha kuwa vyekundu na kumfanya Dorothy aamke kitandani. Filamu ya 1939 ilikuwa imekikalia kiti cha kitabu. Kwa hiyo mtu anaposema filamu imesaliti kitabu, kwanza muulize alikutana nacho wapi na akiwa na umri gani.

Sitaki kujifanya kwamba giza peke yake hutosha. Return to Oz inaanza kwa Dorothy kupelekwa kwa daktari wa kutibu akili kwa umeme, na mtoto mdogo ana haki ya kuomba kutoka ukumbini. Where the Wild Things Are ya Spike Jonze, 2009, inaleta tatizo jingine. Kitabu cha Maurice Sendak cha 1963 kina sentensi kama 10 tu. Jonze, kwa baraka za Sendak mwenyewe, alizijaza kwa upweke wa mtoto wa mama aliyeachana na mumewe, na mazimwi wanaogombana kama watu wazima waliochoka. Studio iliogopa, filamu ikacheleweshwa, na ilipotoka ilirudisha kiasi kinachokaribiana na gharama zake za dola milioni 100. Watu wazima walitoka wakifuta macho, watoto wengi wakiuliza itaisha lini. Jonze alitengeneza filamu inayohusu utoto kuliko filamu ya watoto. Hofu ya Sendak inafunguka na kufungika ndani ya kurasa chache, na mwishoni chakula kingali moto. Hofu ya Jonze haina mlango wa kutokea. Mtoto hubeba mzigo mzito akionyeshwa pa kuutua.

Hukumu za watazamaji tunazozisoma zinatoka kwa nani? Marekani kuna CinemaScore, inayowauliza watu usiku wa kwanza wanapotoka ukumbini. A Wrinkle in Time ilipata B. Kwa filamu ya familia hiyo ni alama dhaifu, kwa kuwa watu wa usiku wa kwanza ni wale waliotamani filamu tangu mwanzo. Kuna Rotten Tomatoes, inayohesabu wakosoaji wangapi wameipenda. Hapo haikufika nusu. Njia zote mbili zinapima watu wazima zaidi, na wakosoaji wote ni watu wazima. Msichana wa miaka 9 aliyeketi katikati ya wazazi wake, ambaye kwa ajili yake filamu ilitengenezwa, hana fomu ya kujaza. Anachoweza kufanya ni kuiomba tena, na tena, hadi miaka ipite.

Ndivyo ilivyotokea kwa zile tunazoziita za kudumu. The Wizard of Oz haikurudisha gharama zake ilipotoka 1939. Ilipata nafasi yake moyoni mwa Wamarekani baada ya CBS kuionyesha kwenye televisheni mwaka 1956, kisha kila mwaka kuanzia 1959. Willy Wonka & the Chocolate Factory ya 1971 ilipita kumbini bila kishindo, ikaokolewa na televisheni na kanda za video. Watoto walioitazama nyumbani walirudia lile tukio la mashua katika handaki, Gene Wilder, kama Wonka mwenye kiwanda, akiimba kama mtu aliyepotewa na akili, kwa sababu lilikuwa la kutisha na hakuna mtu mzima aliyelifafanua. Tim Burton alipoirudia hadithi hiyo mwaka 2005, alikaribia kitabu katika mengi na akapata fedha nyingi zaidi, lakini alimpa Wonka baba daktari wa meno ili tumwelewe. Tulipomwelewa, hatukumwogopa tena, na hadi leo anayetajwa ni Wilder.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki filamu hutangulia kitabu, na kitabu mara nyingi hakifiki kabisa. Waliokulia kwenye mabanda ya video, ambako dijei huitafsiri filamu kwa Kiswahili huku akiongeza chumvi yake, hawakuwa na Meg wa kichwani wa kumlinganisha na Storm Reid. Wengine huichukulia hali hii kama upungufu. Mimi naona inampa mtazamaji huyo haki ya kusikilizwa kwanza. Hana kinyongo cha msomaji wala hamu ya kukumbuka utoto. Akisema mwisho wa filamu haukumshika, hasemi hivyo kwa sababu mapacha wameachwa au jani limechukua nafasi ya farasi. Anaitathmini filamu peke yake, na kama naye anauona wepesi uleule anaouona msomaji wa kitabu, basi kasoro ipo kwenye filamu.

DuVernay alifanya jambo kubwa na naliheshimu. Aliwapa wasichana Weusi shujaa wa hadithi ya ajabu katika tasnia iliyokuwa imewanyima kwa miaka mingi, na waliokuwa na miaka 9 mwaka 2018 wataitolea filamu hiyo hukumu yao watakapokuwa na watoto wa kuwaonyesha. Huenda wakatushangaza. Lakini kitabu cha L'Engle bado kinangoja filamu nyingine ya ukumbini, na atakayeijaribu namshauri aanzie Ixchel: amweke baba aliyeshindwa na binti aliyekasirika chumba kimoja, aache wasipatane upesi, amlete Aunt Beast bila kumpamba. Nywele za Meg azibakize kama Storm Reid alivyokuwa nazo.